Makabati ya kale ya pwani: lipi la kununua, lipi la kuliacha dukani

Ukipita kwenye maduka ya vitu vya kale ya Mji Mkongwe wa Unguja, kuanzia Shangani mpaka Hurumzi, au yale ya Ndia Kuu huko Mji wa Kale Mombasa, utakuta makabati yamepangwa kwa mtindo mmoja: uso mbele, mgongo ukutani, vioo vimefutwa, shaba imesuguliwa, na juu pamewekwa dele (birika la kahawa) la kupendezea. Mnunuzi huona nakshi kwanza. Bahati mbaya nakshi ndicho kitu rahisi kuliko vyote kuiga, kwani fundi hodari wa leo anaichonga vizuri na kuipaka rangi ya uzee. Kitakachoamua kama kabati litahifadhi vyombo na nguo zako kwa miaka mingi ijayo kiko mgongoni, miguuni na ndani ya droo. Kwa hiyo hapa makabati yanapimwa kwa kazi kwanza, urembo baadaye.

Niseme mapema msimamo wangu. Kabati la zamani la msaji (wengine huuita mtiki) au la mvule, lenye viungo vizima, ni bora kuliko kabati jipya la chipbodi la bei ileile, hasa kwa mtu anayeishi pwani. Chipbodi ikipata maji kingo zake hufura, skrubu za bawaba hutoka na unga, na hapo haina dawa tena. Msaji ukilowa hukauka. Bawaba iking'oka, tundu huzibwa kwa kijiti cha mbao na gundi, kisha skrubu inarudi palepale. Lakini makabati ya kale hayafanani, na mengine hayafai kabisa kwa kazi ambayo wengi huyanunulia.

Kabati la vioo

Hili linastahili alama za juu kuliko yote. Kwa kawaida lina sehemu mbili: chini milango ya mbao na pengine droo mbili, juu milango ya vioo yenye nguzo za kukereza pembeni, na kileleni taji la nakshi. Nyumba za mawe za Lamu za karne ya 18 zilikuwa na zidaka, vile vishubaka vya chokaa vilivyojengwa ukutani, ambamo sahani na mabakuli ya kaure kutoka China yaliwekwa yaonekane. Kabati la vioo linafanya kazi hiyo katika nyumba isiyo na zidaka, tena linakinga vumbi.

Kipimo cha kuangalia ni kina cha ndani. Sahani kubwa ya kulia ina kipenyo cha sm 26 hadi 28, kwa hiyo rafu yenye kina cha sm 30 inatosha kuzilaza. Rafu ikiwa chini ya sm 25, sahani zitasimama tu. Tazama kama ina mfereji au kijiti cha kuzizuia zisiteleze. Usipime kwa nje, kwa sababu ubao wa mgongo na unene wa mlango hula sm 5 hadi 7.

Ukitaka kuweka vitabu, kuwa mwangalifu. Vitabu vya kujaza mita moja ya rafu hufika kilo 25 hadi 35, na rafu ya unene wa mm 20 iliyonyooka sm 90 bila nguzo katikati itapinda kidogo kidogo mpaka ibaki hivyo. Weka kijiti cha kushikilia nyuma, katikati ya rafu, kilichofungwa kwenye fremu na siyo kwenye ubao wa mgongo. Au tumia kabati hilo kwa vyombo, ambayo ndiyo kazi yake.

Udhaifu wake mkubwa ni vioo. Vioo vya zamani ni vyembamba, huvunjika vipande virefu vyenye ncha, na mawimbi yake madogo hayawezi kununuliwa tena. Kioo kilichobadilishwa si kasoro ya kukufanya uache kabati, ila angalia unene wake. Kioo cha sm 40 kwa sm 90 chenye mm 3 kina uzito wa karibu kilo 2.7, cha mm 5 kinafika kilo 4.5. Bawaba ndogo za shaba zilizokusudiwa kioo chembamba zitalegea, mlango utashuka, na kona yake ya chini itaanza kuchubua fremu. Angalia pia vioo vimeshikwa na nini. Vijiti vya mbao vyenye misumari midogo vinatolewa na kurudishwa. Silikoni iliyopakwa pembeni inamaanisha kwamba siku kioo kikivunjika, fundi atalazimika kukwangua, na fremu itaumia.

Almari ya nguo

Hapa ndipo wanunuzi wengi hujuta. Henga ya mtu mzima ina upana wa sm 42 hadi 45, na nguo ikiningʼinia inahitaji kina cha ndani cha sm 55 angalau. Almari nyingi za zamani zina sm 45 hadi 50, kwa sababu nguo zilikunjwa au kutundikwa kwenye kulabu. Ukifunga fito la kulia kwenda kushoto kama kwenye makabati ya leo, mlango hautafungika au mikono ya nguo itabanwa. Suluhisho ni fito fupi linalotoka mgongoni kuja mlangoni, nguo zikikutazama. Utatundika chache, lakini zitakaa vizuri. Kwa kanzu na mabuibui pima urefu pia: unahitaji kama sm 150 kutoka kwenye fito mpaka sakafu ya kabati, na almari yenye droo kubwa chini mara nyingi haina urefu huo. Kwa khanga, vitenge na mashuka yaliyokunjwa, almari hii haina mpinzani.

Kioo cha kujitazamia kikiwa na madoa meusi pembeni, ile rangi ya fedha ya nyuma imeliwa na unyevu. Usijaribu kuisugua. Kama unahitaji kujiona vizuri, agiza kioo kipya cha kipimo kilekile, na cha zamani kifunge kwa blanketi ukihifadhi. Atakayekuja kulinunua kabati baadaye atakitaka.

Uzito nao si wa kupuuza. Msaji mkavu una karibu kilo 650 kwa mita moja ya ujazo, na almari ya milango miwili hula sehemu ya saba hivi ya ujazo huo, yaani kilo 90 au zaidi kabla hujaweka nguo. Almari nzuri za zamani zilijengwa zifunguke: taji linanyanyuliwa, pande zinashikwa kwa kabari au bolti, kitako kinabaki peke yake. Muulize muuzaji akuonyeshe mahali linapofungukia. Kama mtu ameshapigilia misumari kwenye viungo hivyo, pima ngazi za nyumba yako, hasa kona, kabla ya kutoa hela.

Kabati la wavu

Kabati la chakula lenye wavu pembeni linadharauliwa bure. Lilitengenezwa kabla friji haijaenea, miguu yake ikitumbukizwa kwenye vikopo vya maji au mafuta ya taa ili sisimizi wasipande. Leo ni mahali pazuri pa vitunguu, viazi, mikate na vikapu. Na katika nyumba zenye unyevu ni pazuri zaidi kwa mashuka na taulo, kwa kuwa hewa inapita na hazinuki ukungu. Wavu ulioliwa na kutu ubadilishe na wa alumini au wa chuma kisichoshika kutu, matundu yasizidi mm 2, vinginevyo nzi wataingia.

Tatizo lake ni rangi. Makabati haya yalipakwa rangi ya mafuta tabaka juu ya tabaka, na rangi za zamani aghalabu zina madini ya risasi, ambayo ni sumu hasa kwa watoto. Usipige msasa mkavu. Ama lifute kwa kitambaa kibichi na kulipaka juu yake rangi mpya, ama tumia dawa ya kutolea rangi, nje ya nyumba, ukiwa na glavu na barakoa, na mabaki yote yafungwe kwenye mfuko.

Kasha lenye njumu za shaba, yaani vipande vya mapambo vilivyopigiliwa kwenye mbao, si kabati, ingawa huuzwa pamoja nayo. Ni pambo zuri la sebule na linatunza mablanketi. Kwa vitu vya kila siku linachosha, maana unachokitaka huwa chini.

Kisha yapo makabati yaliyoundwa kwa milango ya nakshi iliyong'olewa nyumbani. Haya siyapendekezi. Mlango uliobeba jina la nyumba na mtaa unakatwa ili utoshe rafu, na kinachopotea hakirudi. Tanzania Bara, Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inailinda milango na fremu za nakshi zilizochongwa kabla ya 1940. Muuzaji akikuambia kwa fahari kwamba kabati lake limetokana na mlango wa kale, muulize kibali.

Kulikagua kabla ya kulipa

Nenda na tochi, sumaku, futi, sindano nene na kitambaa cheupe. Omba kabati livutwe kutoka ukutani. Muuzaji anayekataa kulivuta amekwisha kukujibu.

Anza mgongoni. Mgongo wa kabati la zamani ni mbao zisizolainishwa, zenye alama za msumeno, na rangi yake haiko sawa: pamefifia hapa, pameiva pale, pana mstari wa unyevu chini. Mgongo wenye rangi moja ya kahawia kutoka juu mpaka chini umepakwa. Lowesha kitambaa cheupe kwa tapentaini usugue mahali palipofichika. Kikitoka na rangi nzito ya kahawia au nyeusi, kuna uwezekano mkubwa ni rangi ya viatu. Polishi ya shelaki, ambayo ndiyo iliyopakwa makabati mengi ya zamani, haiyeyuki kwa tapentaini. Huyeyuka kwa spiriti. Tone moja la spiriti likiacha pananata, umeikuta shelaki, na hiyo ni habari njema kwa sababu inarekebishika bila kuikwangua yote.

Toa droo moja uigeuze. Meno ya kona, yale yanayoshikanisha mbao za droo, yakiwa yamekatwa kwa mkono hayalingani: moja pana, jingine jembamba, na pembeni kuna mkwaruzo wa alama aliyopiga fundi. Meno yanayolingana kama yametoka kwenye mashine, yametoka kwenye mashine. Tazama kingo za chini za droo na reli zake: zimelika zote mbili, mahali pamoja? Droo iliyolika ikipita juu ya reli mpya inasema droo hii ilitoka kwenye kabati jingine, au reli zilibadilishwa. Hilo la pili ni matengenezo ya kawaida na wala lisikusumbue.

Skrubu ya nyota haikuwapo madukani kabla ya miaka ya 1930. Ukiikuta kwenye bawaba ya kabati linalouzwa kuwa la karne ya 19, ifungue na utazame kama chini yake kuna matundu mengine ya zamani yaliyozibwa. Yakiwapo, bawaba ndiyo mpya. Yasipokuwapo, huenda kabati lenyewe ni jipya. Plaiwudi mgongoni au chini ya droo nayo ni ya karne ya 20, au ni kiraka. Bei ishuke ipasavyo. Sumaku ni ya kupimia shaba: ikinasa kwenye njumu au mshikio, ni chuma kilichopakwa.

Miguu ndiyo hufa kwanza, kwa sababu ya maji ya kupigia deki. Choma sindano kwenye kila mguu karibu na sakafu. Ikizama mm 3 bila nguvu, mbao imeoza hapo. Mguu unaweza kuungwa, lakini kazi hiyo iingie kwenye bei.

Halafu wadudu. Fukusi huacha matundu ya mviringo ya mm 1 hadi 2 na unga laini. Mchwa wa mbao kavu hutoa punje ndogo ngumu zenye pande sita, zikijikusanya chini ya tundu. Kiini cha msaji na mvule huwastahimili sana. Sehemu nyeupe iliyokuwa karibu na gome haiwastahimili, ndiyo maana matundu huonekana kwenye ukanda mmoja mweupe au kwenye mbao hafifu za mgongo. Matundu peke yake hayasemi kama wadudu wapo bado. Omba kabati lifagiliwe, litandikwe karatasi nyeusi chini, urudi baada ya wiki. Unga mpya juu ya karatasi maana yake wapo hai. Dawa ya wadudu wa mbao huingizwa kwa bomba la sindano tundu kwa tundu, kisha kabati hufunikwa kwa nailoni wiki mbili. Oili chafu, ambayo mafundi wengine huipaka, inanuka mwaka mzima na itaharibu kila nguo utakayoweka.

Kuhusu mbao yenyewe: msaji ukiugusa mahali pasipo na polishi una utelezi kidogo wa mafuta. Mvule huanza na manjano na kuiva kuwa kahawia, na mara nyingine ndani yake mna vijiwe vigumu vinavyovunja meno ya msumeno. Vumbi lake huwasha ngozi na kifua, kwa hiyo anayepiga msasa avae barakoa. Msaji wa mashamba ya miti kama Longuza kule Muheza au Mtibwa mkoani Morogoro ni mbao nzuri, ila miti ikivunwa michanga huwa na pete pana na sehemu nyeupe nyingi. Ukikuta hivyo kwenye kabati linaloitwa la miaka mia, jina na mbao havipatani.

Likishafika nyumbani

Mbao za pwani hukaa na unyevu wa asilimia 14 hadi 16. Kabati likihamia Dodoma, au kwenye chumba chenye kiyoyozi mchana na usiku, hushuka mpaka 9 au 10, na ubao wa upana wa sm 40 unaweza kusinyaa mm 3 hadi 5. Fundi wa zamani alilijua hilo: alitumbukiza ubao wa mlango kwenye mfereji wa fremu bila gundi ili ucheze. Ufa unaouona katikati ya mlango mara nyingi umeletwa na mtu aliyekuja baadaye akapigilia msumari au kumimina gundi kwenye mfereji huo. Muombe fundi aufungue mfereji huo kwanza. Ufa mwingine hujifunga karibu wote. Usiruhusu uzibwe kwa vumbi la mbao na gundi wakati wa kiangazi, kwa kuwa masika yakija ubao utatanuka na kusukuma fremu.

Kwa sababu hiyohiyo droo iliyokwama mwezi wa Aprili isipigwe randa. Sugua reli na mshumaa, punguza vitu, subiri. Ukiiranda Aprili, Januari itakuwa inacheza.

Acha nafasi ya sm 5 kati ya mgongo na ukuta. Kuta za mawe ya matumbawe na chokaa hunyonya maji na chumvi kutoka ardhini, na mgongo uliogusana nazo huoza bila wewe kuona. Chini ya miguu weka vipande vya raba ngumu vya mm 5. Kabati lolote linalozidi kimo cha mtu lifungwe ukutani kwa vyuma viwili vya pembe, maana mtoto anayefungua droo tatu na kupanda juu yake anaweza kuliangusha. Katika ukuta wa chokaa skrubu fupi haishiki kitu. Iingie sm 8 angalau ndani ya jiwe, pamoja na plagi yake.

Usafi ni mwepesi. Kitambaa kikavu kila wiki, na mara mbili kwa mwaka nta ya nyuki iliyolainishwa kwa tapentaini, ipakwe kidogo mno na kufutwa baada ya nusu saa. Mafuta ya nazi yaache kwenye nywele. Hayakauki juu ya mbao, hushika vumbi na kuchacha. Mafuta ya linsidi mabichi nayo, kwenye hewa ya pwani, hulisha ukungu. Vanishi ya kungʼaa juu ya polishi ya zamani ndiyo kosa linaloshusha thamani kuliko yote, na kuitoa ni kazi ya kukwangua kabati zima. Kwa viungo vilivyolegea, gundi ya zamani ya ngozi na mifupa hulainika kwa maji ya moto, hivyo kiungo kinafunguliwa, kinasafishwa na kuunganishwa upya. Kabla ya kupaka gundi nyeupe kwenye msaji, futa kwanza kwa spiriti kuondoa mafuta ya mbao, la sivyo haitashika.

Kama unanunua Kenya kwa nia ya kusafirisha, ujue kwamba Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Turathi ya 2006 inahesabu kuwa kitu cha kale chochote kinachohamishika kilichotengenezwa au kuingizwa nchini kabla ya 1895, na hakitoki bila kibali. Muuzaji aandike kwenye risiti aina ya mbao, umri anaodai, na kila kilichobadilishwa. Aliyesema "la babu" mdomoni mara nyingi huandika kwa uangalifu zaidi.

Na milango iliyofungika vizuri dukani ikikataa nyumbani, usimwite fundi bado. Sakafu haiko sawa. Mlango wa kulia ukiwa umeshuka kuliko wa kushoto, ingiza kabari nyembamba chini ya mguu wa mbele wa kulia, mm 2 kwa wakati mmoja, mpaka kingo za juu zilingane na kitasa kiingie bila kusukumwa.